Acha Njia ya Maji

Bohumír alipima ukuta wa sebule mara tatu,
akaandika kwa penseli palepale ukutani:
mita mbili na nusu kwa urefu, sentimita sabini kwa kina.
Nikauliza meza ya kulia itahamia wapi.
Akaitazama meza kama mgeni
aliyekwisha kuaga.

Tani moja na nusu, ukijumlisha kioo, mchanga, mawe na maji.
Akashuka stoo ya chini, kati ya mitungi yangu ya matango,
akasimika nguzo nne za chuma chini ya sakafu yetu,
akazigonga moja moja, sikio kalilaza juu ya chuma,
jinsi alivyofanya miaka ishirini na saba
katika makaa ya mawe ya Ostrava.

Bahari tuliiona mara moja, kule Varna,
kwa basi la chama cha wafanyakazi.
Aliingia na suruali yake ya Jumapili,
akasimama humo hadi dereva akapiga honi.

Siku tisa maji yalichujwa tone kwa tone,
yakajaza beseni, ndoo, hodhi la kuogea;
siku tisa nilioga kwa dada yangu.
Kisha chumvi, kilo thelathini na kitu.
Akikoroga, akipima, akiongeza konzi, akipima tena.
"Usionje," akasema.
Nilikuwa nimeshaonja.

Mawe yalikuja makavu, meupe, mepesi kuliko yanavyoonekana,
yenye matundu kama mkate ulioumuka.
Wiki tatu yalilala juu ya magazeti
nasi tukiyaruka kwenda chooni.
Alijenga, akabomoa. Alijenga,
akaketi kwenye stuli, akafumba jicho moja.
Jumamosi moja nikakuta tao:
jiwe limevuka hewani toka nguzo hadi nguzo,
zuri hata nikapiga makofi kwa mikono yenye unga.
Akaweka kiganja chini ya tao. Akangoja.
Kisha akalivunja, polepole, jiwe baada ya jiwe,
na mimi sikuuliza.

Evžen alibaki nyuma ya kifusi, mwaka ule wa themanini na moja.
Aligonga bomba hadi Alhamisi.

Akayatoboa mawe, akapitisha vijiti, akaziba kwa saruji,
akayasogeza mbali na kioo cha nyuma, upana wa mkono mzima.
"Acha njia ya maji," akaniambia,
kana kwamba mimi ndiye niliyeiziba.
"Pasipopita kitu, nyuma huoza, na mbele panang'aa."

Maji yakajaa, yakawa maziwa kwa siku mbili.
Mwezi mzima hapakuwa na cha kutazama
ila pampu zikisukuma utupu wenye chumvi.
Halafu utando wa kahawia ukavika kila kitu.
Nikasema: pensheni yetu imeota kutu.
"Itapita," akasema, akanunua konokono arobaini.

Tumbawe la kwanza, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba,
lililetwa na kijana wa Opava ndani ya chupa ya chai
iliyofungwa skafu, nje nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri.
Siku nne lilijikunja. Ya tano likatoa vinywa,
vya kijani, vidogo kuliko kichwa cha pini.
Bohumír akavua kofia. Ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Wajukuu wana ruhusa ya kulisha, kuhesabu, kuwapa samaki majina.
Kugonga kioo, hapana.

Sasa tunakula tumepakata sahani, nyuso zetu za buluu.
Na usiku ule wa Februari umeme ulipokatika,
alikuwa amekwisha simama kabla sijajua ni nini kimenyamaza.
Akachukua upawa wangu wa supu,
akachota, akamwaga kutoka juu, akachota, akamwaga,
maji yapate pumzi.
Mimi nikamshikia taa yake ya zamani ya mgodini.
Saa kumi mkono wake ukachoka.
Nikampa taa, nikapokea upawa.